Monita ya 4K imenidanganya kipimo cha nembo, na vitufe vya programu vimekuwa punje za ulezi

UziNaSindano

Wakuu, habari za jioni. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, maana nikiuliza kwa kifupi huwa naambiwa nizime niwashe.

Nadarizi nembo za masweta ya shule hapa Njombe. Miaka yote nimetumia monita ya inchi 22, pikseli (zile nukta za picha) 1680 kwa 1050, na programu ya kuchora mishono ambayo ni ya zamani. Leseni yake niliilipia kwa machozi, kwa hiyo tafadhali asinishauri mtu ninunue toleo jipya. Mwezi uliopita nikapata monita ya 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, ya inchi 27, mtumba lakini haina hata doa. Ile ya zamani nimeiacha pembeni kwa ajili ya WhatsApp na oda. Natumia Windows 10. Ukuzaji wa Windows kwenye mpya ni asilimia 150, kwenye ya zamani 100.

Sasa balaa. Kwenye monita mpya maandishi ya menyu yamekua, vitufe vya zana havikukua. Kitufe cha mshono wa kujaza na kitufe cha mshono wa pembeni siwezi kuvitofautisha bila kuinama. Dirisha la msongamano wa mishono limekatwa chini, OK haionekani, nabonyeza Enter kwa imani. Nikiiburuta programu kwenda monita ya zamani, inaingia ukungu.

Hayo ningevumilia. Lililoniuma ni hili: mwalimu mmoja alikuja na nembo ya mwaka jana, upana milimita 70, akataka ileile. Nikafungua faili, nikaweka ukubwa halisi, yeye akaibandika nembo yake kwenye kioo. Akasema, "Mbona yako ndogo?" Nikapima kwa rula: 62. Basi nikaikuza mpaka zikalingana, tukapeana mikono. Nimeshashona 46 ndipo nikaweka moja juu ya sweta. Milimita 79! Kisanduku cha vipimo kilikuwa kinasema 79 muda wote, ila nacho ni miongoni mwa vile vilivyokatwa chini ya dirisha.

Je, ni monita, ni Windows au ni programu? Na nirekebishe vipi bila kuua kitu kingine?

Mtaa_wa_Pili

Shusha rizolusheni iwe 1920 kwa 1080, weka asilimia 100, maisha yaendelee.

UziNaSindano

Kaka, nimejaribu. Vitufe vinakuwa vikubwa kweli, lakini kila kitu kwenye kompyuta kinavimba kingo, mpaka picha za wateja. Ni sawa na kununua ng'ombe wa maziwa ukamfuga kwa ajili ya samadi.

PikseliMoja

Dada, pole kwa hizo 46. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za karakana, na tatizo lako naliona kila mtu anapobadilisha monita akabaki na programu ya zamani.

Monita yako mpya ina pikseli 163 kwa kila inchi. Ya zamani ilikuwa na 90. Kitufe kilichochorwa kwa pikseli 16 kilikuwa na milimita 4.5 pale, hapa kina 2.5. Hujazeeka macho, kitufe kimenywea kweli.

Kwa nini menyu zimekua na vitufe havikukua? Programu yako imeiambia Windows, "niache, najua kujikuza mwenyewe." Windows ikaiamini, ikaipa kipimo cha asilimia 150 na kukaa pembeni. Maandishi yakafuata kipimo kwa sababu fonti hukua kirahisi. Picha za vitufe zilichorwa zamani kwa pikseli 16, hakuna aliyezichora upya. Madirisha nayo yalipangwa kwa fonti ndogo, ndiyo maana OK imeangukia nje. Wala haijui habari za monita mbili zenye vipimo tofauti: jambo hilo liliingia na Windows 8.1, mwaka 2013, na programu iliyoandikwa kabla ya hapo huchukua kipimo kimoja cha monita kuu ulipoingia kwenye akaunti, ikabaki nacho. Ukiiburuta kwenda nyingine, Windows inainyoosha au kuibana kama picha. Huo ndio ukungu.

Dawa: ifunge programu. Bofya kulia aikoni yake, ingia "Properties", kichupo cha "Compatibility", kisha "Change high DPI settings" (DPI ni pikseli kwa inchi). Chini kabisa weka tiki kwenye kisanduku cha "Override", halafu kwenye orodha chagua System ile yenye neno Enhanced mbele yake. Fungua programu upya.

Hapo unaiambia Windows isiiamini tena. Programu itadhani iko kwenye monita ya asilimia 100, itajipanga kama ilivyozoea, OK itarudi mahali pake, na Windows ndiyo itakuza kila kitu kwa uwiano mmoja. Ukichagua System tupu, programu nzima hukuzwa kama picha ya pasipoti iliyofanywa bango. Ile ya Enhanced, iliyokuja na sasisho la Windows 10 la mwaka 2017, huyachora upya maandishi na mistari ya kawaida kwa ukali wa monita yenyewe. Picha za vitufe tu ndizo zinabaki na ukungu kidogo. Chaguo la "Application" usiliguse, ndiyo hali uliyonayo sasa.

Kama ukichagua Enhanced mishono ikachorwa vipandevipande au dirisha likacheza, rudi System tupu. Haielewani na kila programu.

Kuhusu zile milimita sasa, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu dawa ya juu haitazigusa. Windows ikisema asilimia 100 inamaanisha pikseli 96 kwa inchi, iwe ndiyo kweli au sivyo. Asilimia 150 ni 144. Monita yako ina 163. Chukua 70, zidisha kwa 144, gawanya kwa 163: unapata 62 uliyoiona kwenye rula. Hakuna kilichoharibika, ni hesabu mbili ambazo hazijawahi kukutana. Ukiweka ukuzaji wa kujiandikia wa asilimia 170 utakaribia kabisa ukweli, ila namba ya kujiandikia hubeba monita zote, na ile ya inchi 22 itakuwa na herufi za kusomea ukiwa jikoni.

Badala yake tafuta ndani ya programu sehemu ya kusawazisha skrini. Programu nyingi za kudarizi wanayo. Watakuonyesha mstari au kisanduku, upime kwa rula, ujaze ulichokipata. Fanya hivyo baada ya kuweka Enhanced, si kabla, na uifanye kwenye monita utakayochorea. Ukihamia nyingine, kipimo hakikuhusu tena.

Nyongeza: hata ile ya inchi 22 ilikuwa inakudanganya, ila kwa kukuza. Nembo ya 70 ilionekana karibu 75.

Bandarini

Nasoma nikiwa Mombasa, si mambo ya uzi ila ugonjwa ni mmoja. Sisi ofisini tuna programu ya mizigo iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Kwenye Java 8 kila kitu kilikuwa kidogo mpaka mhasibu wetu akaleta kioo cha kukuzia. Java ilianza kufuata ukuzaji wa Windows kuanzia toleo la 9, mwaka 2017. Kama programu yako inakubali toleo jipya la Java, umepona. Isipokubali, njia ileile ya PikseliMoja, ila uiweke kwenye javaw.exe maana ndiyo inayoendesha. Dadangu, hebu pia angalia kebo yako: ikiwa kishale cha mauzi kinaburuta mguu, huenda iko kwenye HDMI ya zamani inayotoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde.

UziNaSindano

Nimerudi, wakuu. Kebo iko salama, ni 60.

Nimeweka Enhanced. OK imeonekana! Nimekaa nikaibofya mara tatu bila sababu. Vitufe vina ukungu mdogo kama kioo cha dirisha asubuhi ya hapa kwetu, lakini vinatofautishika. Mishono kwenye mwonekano wa mistari imekuwa mikali kuliko nilivyowahi kuiona, naona mpaka mahali nyuzi zinapopandana. Mwonekano ule wa kuigiza uzi halisi umebaki na ukungu vilevile. Nadhani unachorwa kwa njia nyingine.

Sehemu ya kusawazisha ipo, ndani ya mipangilio ya skrini, sikuwahi hata kuipita. Nilichora mstari wa milimita 100, rula ikasoma 88. Nikajaza 88. Sasa nembo ya 70 ni 70, nimeibandika ile ya mwalimu juu yake zikafunikana.

PikseliMoja, ulivyosema kuhusu ile monita ya zamani nimecheka peke yangu kibandani. Miaka yote wateja wakija kuchukua kazi wanauliza, "Mbona kwenye kompyuta ilikuwa kubwa?" Nami najibu kwamba kitambaa kinajivuta.

PikseliMoja

Mwonekano wa kuigiza uzi hutumia kadi ya picha moja kwa moja, Enhanced haifiki huko. Huo uache. Na ukihifadhi faili la DST, lile la kupeleka kwenye mashine ya kudarizi, mashine inasoma hatua za sehemu ya kumi ya milimita, haina habari na skrini. Kwa hiyo mteja akibandika kitu kwenye kioo, muonyeshe kile kisanduku cha namba.

UziNaSindano

Nimekihamishia juu kabisa sasa, karibu na jina la faili. Zile 46 mwalimu wa michezo amezichukua kwa nusu bei, atazishona mgongoni kwenye jaketi za mazoezi.