Naomba ushauri: tasnifu ya kurasa 112 niifupishe vipi imfikie mtunga sera?

Habarini wakuu. Nimemaliza tasnifu ya uzamili kuhusu usalama wa mpaka wetu na Msumbiji tangu mashambulizi ya waasi yalipoanza Mocímboa da Praia, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, Oktoba 2017. Sasa nimeombwa muhtasari wa kurasa 2 kwa ajili ya maofisa, na hapo ndipo nimekwama.

Sura niliyoihangaikia zaidi inalinganisha kikosi cha kijeshi cha Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na cha Rwanda. Vyote viliingia Cabo Delgado, jimbo ulipo mji huo, Julai 2021 kupambana na waasi. Cha SADC kiliondoka 2024, cha Rwanda kikabaki. Kimoja kilikuja kwa uamuzi wa jumuiya nzima, kingine kwa makubaliano ya nchi mbili tu, na naamini tofauti hiyo ina funzo kubwa kwa sera yetu ya nje. Msimamizi wangu anasema nianze na mapendekezo, nadharia niiache kabisa. Ni sawa?

La pili linaninyima usingizi. Kijiji kimoja kando ya Ruvuma, mzee mvuvi alinionyesha mtumbwi wake umepinduliwa chini ya mwembe, umepasuka kwa jua. Aliacha kuvua baada ya kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mpaka huko Mtwara, kushambuliwa, Oktoba 2020. Nataka maofisa wamsikie, lakini kijiji ni kidogo, hata nikificha jina atajulikana. Niliahidi kumlinda.

Waliowahi kuandikia wizara au kamati ya Bunge, ushuhuda kama huu mliuwekaje? Na mliuwasilisha kwa Kiswahili au Kiingereza?