Mama mkwe kanyimwa Dial-a-Ride, usafiri wa walemavu (Phoenix, Arizona), naomba msaada

Baba Neema: Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mama mkwe yuko kwenye kiti mwendo tangu apate kiharusi. Barua imekuja, eti anaweza kupanda basi la kawaida. Nilipopiga simu, dada aliyepokea akasema siku hizi kuna magari yasiyo na dereva, tumwitie hayo. Nani atamtoa mlangoni? Nani atamkunjia kiti? Naomba kujua: kwenye rufaa, ile karatasi ya PCP (daktari wake wa kawaida) nesi anaweza kusaini, au lazima daktari mwenyewe?

Mama Furaha: Pole sana baba. Wahi rufaa, siku 60 zikipita wanaweza kuikataa. Kwa baba yetu, tulipotuma maombi ya kwanza, walikaa kimya tu. Tukawaambia ADA, sheria ya Marekani ya haki za walemavu, inasema siku 21 zikipita bila jibu, wambebe huku wakiendelea kuamua. Wakambeba.

Musa, Mesa: Dada, usipotoshe watu. Siku 21 zinahesabiwa fomu ikishakamilika, si siku uliyoituma. Na nyumba ikiwa zaidi ya robo tatu ya maili kutoka njia ya basi, ADA haiwalazimishi kuja.

Mama Furaha: Sijampotosha mtu. Nimesema yaliyotupata.

Juma dereva: Waymo, kampuni ya hayo magari, wanabeba watu bila dereva hapa tangu 2020. Ni magari ya umeme, hayatoi moshi, hilo nalikubali. Lakini ukiomba gari la kiti mwendo kwenye programu yao, linakuja na dereva binadamu! Huyo wa simu hakuulizia. Mimi wazee nawashika mkono mpaka ngazini, begi la dawa nimelitundika begani. Kazi hiyo hawaihesabu wanaposema dereva hahitajiki.

Bibi Zawadi: Siyapandi. Mmemsahau yule mama aliyegongwa na gari linalojiendesha hapo Tempe 2018 akivuka na baiskeli yake?

Musa, Mesa: Lile lilikuwa la majaribio, la Uber, na ndani mlikuwa na mtu wa kuliangalia. Tusichanganye mambo.

Bibi Zawadi: Mtu alikuwamo na mama wa watu akafa. Mbagala konda angegonga bodi, "Suka, mama anashuka!", na daladala zima lingesubiri. Nimepakumbuka mno.

Mama Furaha: Ndugu zangu, Prop 479, kura ya kodi ya mauzo, ilipita 2024: nusu senti kwa kila dola, miaka 20, kaunti nzima, na usafiri wa umma una fungu humo. Hata aliyefika juzi na I-94 (hati ya kuingia nchini) anailipa akinunua sabuni. Twendeni kwenye vikao vya baraza la jiji tudai magari ya wazee na madereva wake. Kusema pale si lazima uwe raia.