Uyoga ukimrudisha mkanamungu kwa Mungu, nani kamrudisha?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa matokeo ya dodoso la watu 4,285 waliosema wamewahi kukutana na Mungu, au na kitu wasichojua wakiite nini. Wengine walikuwa wametumia dawa za maruweruwe kama uyoga wa silosaibini, LSD na ayahuaska. Wengine hawakutumia chochote. Kati ya waliojiita wakanamungu kabla ya hapo, zaidi ya theluthi mbili waliliacha jina hilo. Je, dawa imefungua mlango, au imeonyesha kwamba imani ni kemia ya ubongo tu? Karibuni, matusi kando.

MTU WA TAKWIMU
Mkuu, dodoso lilitafuta waliokutana na Mungu. Aliyekula uyoga akaona rangi, akatapika, akalala, hakulijaza. Ni kusimama mlangoni mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa ukauliza nani anasali.

Lenye uzito kidogo ni jaribio la Boston. Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1962, daktari Walter Pahnke, aliyekuwa akisomea uzamivu Harvard, aliwaweka wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa dogo la chini, Marsh Chapel. Kumi wakapewa silosaibini, kumi niasini, vitamini inayofanya uso uwake moto. Ibada ya mhubiri Howard Thurman iliyokuwa ikiendelea juu ikawafikia kwa spika. Mwanzoni wa niasini, nyuso zikiwaka, walidhani wao ndio waliobahatika. Baadaye wenzao wakaanza kujilaza na kutangatanga, siri ikaisha. Karibu wote waliosimulia mambo mazito ya kiroho walitoka kundi la silosaibini.

Sasa niambieni: wanafunzi wa theolojia, Ijumaa Kuu, kanisani, mahubiri masikioni. Mlitaka waone nini, Bunge?

BINTI PWANI
Kaka, umenichekesha, ila hapo umegusa penyewe. Kwangu mimi Muislamu suala la kutumia limeshafungwa: kileweshacho ni haramu, hata kikiniletea njozi nzuri namna gani. Najua mtanitajia kahawa. Ndiyo, masufi wa Yemen waliinywa karne ya 15 wapate kukesha kwenye dhikri, na mwaka 1511 ikapigwa marufuku Makka, watu wakabishana kama ni kilevi. Lakini kahawa inakuondolea usingizi tu. Haikuletei mgeni.

Bibi yangu alikuwa mtu wa dhikri. Alfajiri anarudi kanga imelowa jasho, sauti imekauka, hata hajakaa anabandika uji wa jirani aliyepooza. Sikumsikia hata siku moja akisimulia alichokiona. Hao wa Boston nataka kujua walimkorogea nani uji.

MKONGO WA LIBREVILLE
Dada, heshima kwa bibi. Ila ndugu zangu mnaongea kama mambo haya yalizaliwa maabara. Nimeishi Gabon miaka sita. Kule kuna dini ya Bwiti, na sakramenti yao ni iboga, ganda la mzizi wa kichaka cha msituni. Chungu, kwinini ni asali! Anayeingizwa analishwa nyingi, anapakwa udongo mweupe, kinubi chao cha nyuzi nane wanachokiita ngombi kinapigwa usiku kucha. Anasafiri kwa wahenga. Kwa watu wa kabila la Wafang hata Yesu na Maria wameingia humo, ingawa wamisionari Wakatoliki waliwapiga vita kwa miaka mingi.

Mnachokiruka ni hiki: pale haachwi peke yake na alichokiona. Wazee wanamuuliza umeona nini, nani alikupokea, alisema nini. Majibu yao wanayajua, wanakupima. Na si mchezo. Iboga huvuruga mapigo ya moyo, watu wamekufa nayo. Msiende kuitafuta mtandaoni.

MTU WA TAKWIMU
Nakubali, ndugu. Na dada, swali lako lina jibu la nusu. Mtafiti Rick Doblin aliwatafuta wale wa Boston baada ya robo karne, akachapisha mwaka 1991. Saba wa kundi la silosaibini aliowahoji bado waliliona tukio lile kama la kiroho kweli, na walisema liliwabadilisha. Lakini ni maneno yao wenyewe, jirani hakuulizwa. Doblin akafukua pia kwamba mmoja wao alidungwa Thorazine, dawa ya magonjwa ya akili, ili atulie, na Pahnke hakuliandika hilo kwenye ripoti yake.

MLETA MADA
Huyo ndiye ananisumbua. Alitoka hadi barabarani akiamini ametumwa kutangaza ujio wa Masihi. Wakamrudisha ndani, sindano.

Naanza kuona dawa hailetei mtu Mungu wala haimwondoi. Inaleta ule uhakika, kifua kinajaa, na jina la kuupa uhakika huo analitoa alikolelewa au alikokalishwa siku ile. Kwa hiyo theluthi mbili yangu haithibitishi kitu, nairudisha mfukoni. Ila wenzake waliobaki ndani chini ya spika wakahesabiwa wameguswa kiroho, na huyu mmoja akahesabiwa mgonjwa. Nani aliwatenganisha?

MKONGO WA LIBREVILLE
Daktari. Kule kwetu wangemkalisha kwanza, wamuulize huyo Masihi alivaa nini.