Mtaalamu wetu wa mwani na wakubwa hawaheshimiani, nifanyeje?

Kijana_Mlandege: Asalaam alaykum wadau. Nipo kampuni ndogo hapa Unguja tunanunua mwani tunasafirisha nje. Tuna mama mmoja yeye kaanza kulima 1989, kilimo kinaanza Paje na Jambiani, akiushika mwani tu anakwambia umekauka au bado. Sasa wakubwa wana madigrii ya biashara, yeye anawaita watoto wa kompyuta na wao wakiwa mkutanoni wanaongea kama hayupo. Juzi kaukataa mzigo wa kotonii, aina moja ya mwani, mbele ya wageni, mkurugenzi kakasirika vibaya mno. Mie nipo katikati nasemwa na wote. Nifanyeje waheshimiane?

Bint_Jambiani: Umenikumbusha mama yangu, bamvu likifika, maji yakitoka sana, yupo baharini, kiuno kinamuuma na bei anapangiwa na mtu aliyekaa kwenye feni. Usitegemee mtu kama huyo atainamisha kichwa.

Abuu_Mkoani: Heshima inaanza na salamu. Vijana mkiingia ofisini mnaamkia? Anzeni hapo.

Kisiki: Mama huyo ana nini na wewe? Kuna kitu hujasema.

Kijana_Mlandege: Haya, ni mama mkwe wangu. Mie ndo nilompeleka pale. Na barua ya kumhamishia stoo ya Pemba nishaiandika, haijatoka tu. Lakini simdhulumu, mshahara ule ule, na kotonii nyingi inatoka huko, atakaa na watu wanaojua kazi yake.

Kisiki: Yakhe! Mkwe unamhamisha kwa barua? Mkeo anajua?

Kijana_Mlandege: Bado. Msinihukumu, namuepusha na kelele.

Ngalawa77: Hii chai. Mie wa Paje, maji yamepata moto, kotonii inaoza ikingali kwenye kamba na watu walishahamia spinosamu, mwani wa aina nyingine, zamani. Mzigo wa kotonii Unguja kautoa wapi? Mtunzi huyu.

Bint_Jambiani: 😂😂 na mie nilikuwa nishaanza kulia

Kijana_Mlandege: Mzigo umetoka Pemba, stoo ndo iko Unguja. Nitunge ili nipate nini?

Mzee_wa_Magunia: Chai au si chai, haya yapo. Nilipokuwa stoo ilikuwa hivi hivi. Mnunuzi anataka unyevu kama asilimia 35, ukizidi sana mwani unavunda kontenani au bei inakatwa. Mama anajua kwa mkono, wakubwa wanajua kwa karatasi, na hakuna alomuonesha mwenzake. Sisi bosi alishuka pwani maji yametoka, akafunga tai-tai, vile vikamba vya kushikia mwani, mwenyewe jua likampiga, na mpimaji wetu akasomewa mkataba kwa Kiswahili, akaona tarehe ya meli na makato tukichelewa. Toka siku ile kila mmoja akawa anamuuliza mwenzake kabla ya kusema. Na mkweo naye aambiwe, mzigo unakataliwa kabla wageni hawajafika. Mashine ya kupimia unyevu mnayo?

Kijana_Mlandege: Tunayo.

Mzee_wa_Magunia: Ule mzigo ulipimwa?

Kijana_Mlandege: Ulipimwa baada ya wageni kuondoka. Ulikuwa umezidi. Mkurugenzi hataki lizungumzwe.

Kisiki: Subhanallah. Na barua kaandikiwa mama!

Mzee_wa_Magunia: Basi kijana, barua iweke kando. Majibu ya kipimo yasomwe kwenye mkutano na mama yupo, mkurugenzi ayaseme kwa kinywa chake. Habari ya pwani na mkataba zije baadae.

Kijana_Mlandege: Akikataa je?

Abuu_Mkoani: Mkeo kwanza, mwambie leo.