Tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu: kalenda, orodha au visanduku vitatu?

fundi_wa_tovuti: Habari za jioni wakuu. Natengeneza tovuti ya chama cha akiba na mikopo. Wanachama ni bodaboda, mama lishe na wazee kadhaa, karibu wote watajisajili kwa simu. Nimekwama kwenye tarehe ya kuzaliwa. Nina njia tatu: kalenda ya kivinjari chenyewe, yaani type="date"; orodha tatu za kuchagua siku, mwezi na mwaka; au visanduku vitatu mtu aandike mwenyewe. Aliyewahi kukaa pembeni ya mtumiaji akamwangalia anisaidie.

mtoto_wa_chumbageni: Kalenda hapana. Mpe simu ya Android mama aliyezaliwa 1968 uone. Kalenda inamfungukia mwezi huu huu. Anabofya mshale wa kushoto, mwezi mmoja nyuma. Anabofya tena. Na tena. Ule mwaka ulioandikwa juu ukiugusa unaleta orodha ya miaka, ila hakuna kinachomdokeza hivyo, anauona kama kichwa cha habari tu. Akihangaika hadi 2021 anakurudishia simu: "Hebu nijazie wewe mwanangu."

Kalenda iweke kwenye miadi ya kliniki au siku ya safari, mahali mtu anataka kuona Jumatatu inaangukia lini.

kibodi254: Kuna shida nyingine ambayo wewe mwenye tovuti huioni kabisa. Type="date" hufuata mpangilio wa lugha ya kifaa. Karani wenu akiwa na kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani, mwezi ndio unatangulia. Anasoma fomu ya karatasi 05/03/1968, anachapa 05 kisha 03, na kwenye hifadhidata inaingia 1968-05-03. Machi imeshakuwa Mei na hakuna kosa lililoonyeshwa. Mtakuja kugundua siku mwanachama anaomba mkopo na kitambulisho hakilingani.

nasra_msanifu: Mimi nitatetea orodha kidogo. Mwezi ukiandikwa "Machi" hakuna wa kuuchanganya na siku.

mtoto_wa_chumbageni: Sawa dada, lakini mwaka? Orodha inaanzia mwaka huu, mzee wa 1957 anaburuta kidole miaka zaidi ya 60, akiachia vibaya anatua 1961. Na bado 31 Februari inachagulika.

nasra_msanifu: Kwa mwaka nimekubali 😂

kibodi254: Visanduku vitatu basi. Tovuti za serikali ya Uingereza, GOV.UK, ndivyo zinavyofanya kwa tarehe ambazo mtu anazo kichwani. Mwongozo wao unakataza kabisa kishale kuruka chenyewe kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Watu wengi hudhani kuruka ni kumrahisishia mtu, kumbe akitaka kurudi kusahihisha siku anavurugwa, na asiyeona anayetumia kisoma skrini hajui tena yuko kisanduku gani.

fundi_wa_tovuti: Kibodi ya namba je? Niweke type="number"?

kibodi254: Usiweke, mkuu. Kwenye kompyuta gurudumu la kipanya linaweza kubadilisha namba bila mtu kujua. Weka type="text" na inputmode="numeric", simu italeta kibodi ya tarakimu. Pokea 3 na 03 sawasawa. Maneno Siku, Mwezi, Mwaka yakae juu ya visanduku, maana yakiwa ndani kwa kijivu yanapotea mtu akianza tu kuandika. Na akikosea, usimfutie alichoandika! Onyesha kisanduku chenye kosa, mwambie kwa maneno: "Mwezi uwe kati ya 1 na 12."

jembe_la_data: Wakuu, swali la kizushi: namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, mnaiomba? Kama mnaiomba, tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku. Mnamuuliza mtu kitu alichokwishawajibu.

nasra_msanifu: Hii nimeipenda. Ila ni tarakimu 20, akikosea moja pale mwanzo umri wote unaharibika. Mwonyeshe ulichosoma: "Umezaliwa 5 Machi 1968?" halafu Ndiyo au Hapana. Asiye na NIDA ndiye apelekwe kwenye visanduku.

fundi_wa_tovuti: Naenda na hiyo, kalenda nimeitoa leo leo. Wazee wanaojua mwaka tu nifanyeje? Wapo.

mtoto_wa_chumbageni: Chini ya swali andika: "Jaza kama ilivyo kwenye kitambulisho chako." Wengi walishaandikiwa siku fulani huko. Asiye na kitambulisho chochote, ruhusu siku na mwezi vibaki wazi, karani ayamalizie akifika ofisini.

jembe_la_data: Hapo hakikisha hifadhidata yako inakubali mwaka peke yake, isijijazie 1 Januari.