Kiyoyozi kinafanya kazi, mbona akili inachoka mchana?

mhasibu_dsm: Wakuu, chumba cha watu wanne, Dar. Kiyoyozi kiko 24°C lakini kipimo kinaonyesha unyevu asilimia 75. Kuanzia saa nane mchana makosa ya hesabu yanaongezeka. Tatizo ni nini?

afya_kazini: Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Hewa ikishiba unyevu, linabaki kwenye ngozi na moyo unasukuma damu zaidi kuelekea huko. Kazi ya kunakili haitaonyesha tofauti kubwa. Kinachoyumba mapema ni umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, yaani hesabu zenyewe.

fundi_baridi: Mkuu, huenda mashine ni kubwa kuliko chumba. Inapoza haraka, kompresa (pampu ya gesi ya kupoza) inazima kabla koili (mabomba baridi ya ndani) haijanyonya unyevu wa kutosha. Bonyeza alama ya tone la maji kwenye rimoti (hali ya kukausha hewa), feni iwe kasi ya chini. Lenga asilimia 40 hadi 60. Angalia pia bomba la nje la kutolea maji ya kiyoyozi: lisipodondosha maji, hewa haikaushwi. Chujio lisafishwe kila wiki mbili, vumbi letu halina huruma.

afya_kazini: Nyongeza: spliti (kiyoyozi cha ukutani chenye kifaa kingine nje) huzungusha hewa ileile. Kabonidioksaidi (hewa tunayoitoa tukipumua) ikipanda, usingizi unakuja hata kwenye baridi. Fungueni dirisha na mlango dakika 10 wakati wa chakula.