Mama ana sukari na kidonda mguuni, ndugu wanataka kwa mganga. Tupo Moshi, naombeni ushauri

Kibosho_Juu: Habari wakuu. Mama ana miaka 64, sukari anayo muda mrefu, sasa ametoka kidonda chini ya kidole gumba cha mguu na anasema hakimuumi kabisa. Zahanati wanamsafisha ila hakikauki na tangu juzi kinatoa harufu. Baba mdogo anang'ang'ania mganga anayepaka unga wa mizizi, dada yuko Arusha anataka private ila hata hela ya dipoziti hatuna, bima hatuna. Tuanzie wapi jamani?

nesi_mstaafu: Pole mwanangu. Huko kutouma ndiyo hatari yenyewe, sukari inaua mishipa ya fahamu ya miguu mtu anakanyaga mwiba hasikii. Kikishanuka si cha kusubiri na usiruhusu kupakwa unga wowote. Leo hii omba rufaa zahanati mwende Mawenzi, hospitali ya mkoa, wakiona kimewazidi watampeleka KCMC, hospitali ya kanda. Na msimloweke maji ya moto, ataungua bila kujua.

Rau_Mjini: Hela isiwazuie. Sera inasema mzee wa miaka 60 kwenda juu asiye na uwezo anatibiwa bure hospitali za serikali, chukua barua kwa mtendaji wa kijiji, mkifika ulizia ustawi wa jamii na usikubali kurudishwa dirishani. Ila ukweli usemwe, daktari mtamwona lakini dawa nyingine mtaandikiwa mkanunue nje, inauma sana kwa mtu asiye nacho, kwa hiyo changishaneni kidogo.

Ngaramtoni_kwetu: Siwadharau waganga, tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na baraza linalosajili, mimi mwenyewe nimekuzwa na mwarobaini. Lakini tuliokuwa Arusha 2011 tunakumbuka kikombe cha dawa ya mizizi cha Babu wa Loliondo, Sh500 tu, foleni ya magari kwenda kijijini kwake Samunge haina mwisho, na wapo walioacha dawa za sukari na ARV kwa imani wakafa. Baba mdogo anampenda shemeji yake, muelezeni taratibu, hata aende naye hospitali.

Kibosho_Juu: Asanteni sana, nimeshamtafuta mtendaji. Mama anakunywa pia unga wa mlonge kila asubuhi, nimwambie dokta au watamfokea?

nesi_mstaafu: Mwambie hata wakifoka. Mlonge nao unaweza kushusha sukari, juu ya vidonge au insulini ikashuka mno akazimia. Weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja pamoja na huo unga, daktari avione.